Gunia Lililovaa Baibui

Kava la cheni la pikipiki yangu ya kwanza lilitundikwa kwenye msumari bandani kwangu, mtaani Jadida, kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni bati jembamba, refu kama mkono, limepinda mwishoni, na rangi yake nyekundu imebaki kwenye pembe tu. Mgeni akiingia bandani hakuuliza ni kitu gani. Mke wangu alizoea kutundika kifumbu chake cha kuchujia tui kwenye msumari huo huo.

Mimi ndiye niliyelitoa. Lilikuwa likigonga kila nikipita kwenye shimo. Wakati huo nilikuwa fundi wa pampu za maji, na niliona aibu fundi kupita mjini na pikipiki inayogonga. Kulinyoosha kungenichukua robo saa. Badala yake nikafungua skrubu mbili, nikalitundika, na pikipiki ikaonekana nyepesi, cheni inang'aa kwa mafuta. Nikaipenda hivyo. Wiki iliyofuata nikampakia mke wangu kwenda kwao Mtambile.

Kwetu mwanamke hupakiwa upande. Miguu yote miwili huwa kushoto, mkono mmoja umeshika chuma cha kiti, mkono wa pili umekusanya baibui. Na cheni ya pikipiki ile ilikuwa kushoto. Mambo hayo mawili niliyajua vizuri, kila moja peke yake. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

Kwenye mteremko kabla ya kufika Mtambile nguo ikaingia kwenye cheni, ikamvuta chini. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi mpaka leo.

Kaka yake alipofika hospitali alinikuta nimesimama nje ya pazia la wodi. Akaniuliza, "Imekuwaje, shemegi?"

Nikamjibu, "Hakukusanya nguo vizuri."

Maneno matatu. Sikuyapanga, yalitoka tu, na yakakubaliwa papo hapo, kwa kuwa yalikuwa maneno ambayo kila mtu angeyategemea. Hakuna aliyeitazama pikipiki. Kutoka siku ile, kwenye nyumba ile ya Mtambile, msichana akipanda chombo cha magurudumu mawili huambiwa: kusanya nguo, usije ukawa kama shangazi yako. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu, kwenye harusi na kwenye hitma, nikanywa chai yangu nikanyamaza.

Nilipostaafu nilikuwa na muda mwingi na banda lililojaa vyuma. Na nilikuwa na mke ambaye kila safari kwake ilikuwa ya kuomba kubebwa. Gari za abiria zina ngazi ndefu, mguu wake haufiki. Teksi huitwa na watoto, nao wana shughuli zao. Mwaka ule mtoto wa dada yake aliolewa kijijini Vitongoji, gari lililoahidiwa halikuja, na mke wangu akakaa ukumbini amevaa nguo yake ya harusi, mkoba mapajani, mpaka adhana ya alasiri. Hakulalamika. Aliinuka, akabadili nguo, akaenda kuchambua mchele.

Siku ya pili yake nikaanza kujiuliza swali la kifundi: je, inawezekana kutengeneza pikipiki inayomfaa mwanamke anayekaa upande? Zote nilizowahi kuziona zimetengenezwa kwa mtu anayetanua miguu, kisha mwanamke akapachikwa juu yake kama mzigo. Kama kiti kingeanza kwanza, pikipiki ikajengwa kukizunguka, ingekuwaje?

Nilipata fremu ya pikipiki moja na injini ya nyingine iliyoungua nyaya. Fundi wa kuchomelea, jirani yangu, mtu mzima mwenye mzaha usiokwisha, alikata fremu nyuma na kuirefusha shubiri moja na nusu. Tukashusha kiti mpaka kikawa sawa na kiti cha kukunia nazi kilichokua kidogo. Nikatengeneza kiti chenye egemeo, kinachotazama kushoto, na chini yake ubao mpana wa kuwekea miguu. Upande wa kulia nikafunga sanduku la vyuma ili chombo kisilalie upande mmoja.

Mke wangu aliona ninachomelea. Aliuliza mara moja tu, "Nini hicho?"

"Pikipiki."

"Ya nani?"

"Bado sijajua," nikasema. Huo nao ulikuwa uongo.

Safari ya kwanza ilikuwa asubuhi, peke yangu, ndani ya vichochoro vya Jadida. Injini iliwaka kwa kiki ya tatu. Nilipotoa klachi nilihisi kitu ambacho sikukitegemea: sehemu ya mbele ya pikipiki ilianza safari, halafu baada ya kitambo kidogo sehemu ya nyuma ikakubali kufuata. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya bomba la maji. Pale pikipiki ikakataa kukunja. Ilikuwa ndefu mno. Ikabidi nishuke, niivute nyuma, niielekeze, nipande tena, huku wanawake waliokuja kuteka maji wakisubiri na ndoo zao.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Mzee, hiyo meli hiyo! Yataka nahodha!"

"Ucheke tu, yakhe. Inakwenda."

"Kwenda inakwenda. Kurudi je?"

Ikarudi. Na nikaandika kwenye daftari: kona: pana sana; breki ya nyuma: nzuri; sauti ya kugonga chini ya kiti, sijui inatoka wapi.

Lakini kiti kitupu hakinifundishi kitu. Nilitaka kujua itakuwaje akikaa mtu, na mtu huyo akiwa upande, na amevaa baibui. Nikachukua gunia, nikatia mchanga. Uzito sikuuliza. Baada ya ajali ile nilimbeba mke wangu kwa miezi, kutoka kitandani mpaka uani na kurudi, nikaujua uzito wake kwa mgongo. Nikaongeza mchanga kidogo kwa ajili ya miaka iliyopita. Nikalikalisha gunia kitini, nikalifunga kamba. Kisha nikaingia ndani, nikafungua sanduku lake, nikatoa baibui la zamani lililopauka, bila kumuomba.

Nilifanya kwa uangalifu. Upindo wa mbele niliukusanya na kuufunga kwa uzi, sawasawa na mwanamke anavyoushika mkononi. Kwenye upindo wa nyuma nilishona vipande vitatu vya kanga, chekundu, cheupe na cha manjano, ili niweze kuuona unakokwenda. Kioo cha pembeni nikakigeuza kitazame chini. Na cheni sikuiwekea kava bado. Nilitaka kuona.

Nikatoka na gunia langu mpaka nje ya mji, kwenye barabara yenye vilima. Kwenye tambarare nguo ilining'inia kwa utulivu. Nilipoongeza mwendo ilikwenda nyuma, moja kwa moja, mbali na cheni. Nikajiambia, mbona hakuna hatari? Halafu nikafika kwenye mteremko. Nikaachia mafuta, injini ikaanza kuzuia mwendo, pikipiki ikatikisika. Kwenye kioo nikaona kipande chekundu kinarudi mbele, kinazama chini ya kiti, kinaingia ndani. Polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikafunga breki. Kilikuwa kimefika vidole viwili kutoka kwenye cheni.

Nilirudia mara nne. Mara zote nne, ni kwenye mteremko, na ni upindo wa nyuma, ule ambao mtu huukalia. Mtikisiko huuchomoa kidogo kidogo, na upepo unaozunguka mgongo wa dereva huuleta ndani. Upindo wa mbele ulikuwa pale pale kwenye uzi wake, umekusanywa vizuri kabisa.

Nikaegesha pikipiki pembezoni, nikakaa kwenye majani. Miaka yote hiyo nilijua kwamba nilificha habari ya kava. Lakini moyoni nilijiachia kitu cha kushikilia: kwamba huenda kweli na yeye alizembea kidogo, kwamba maneno yangu matatu yalikuwa nusu ya ukweli. Sasa gunia lilikuwa limenionyesha. Mwanamke angeweza kukusanya nguo kwa mikono yote miwili na bado ingeingia. Hapakuwa na nusu yoyote.

Nilimaliza siku tatu nikitembea na gunia, nikibadilisha hiki na kile, na sikufikiria kabisa kwamba watu wana macho.

Siku ya nne tulikuwa tunakula mchana, wali na samaki wa nazi. Mke wangu akasema, bila kuinua uso, "Nasikia kuna bibi unamtembeza."

"Bibi gani?"

"Mnene kidogo. Amekaa upande, kajifunika gubigubi. Watu wakimwamkia haitikii. Wanasema hana adabu."

Nikalirudisha tonge sahanini. "Nani kakwambia?"

"Wameniambia wanne. Wa tano alikuja kunipa pole."

"Hebu inuka," nikamwambia. "Njoo nikuonyeshe mke mwenzako."

Akachukua mkongojo wake, akanifuata bandani. Nikamfungulia mlango. Alilitazama gunia kwa muda, akalizunguka, akalidunga mkongojo ubavuni. Mchanga ukamwagika kidogo.

"Asalamu alaykum, mwenzangu," akaliambia. Akasubiri. "Kweli hana adabu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nililifungua gunia haraka nikaliteremsha, na kwa kuwa kiti kile ndicho kilichokuwa karibu na ndicho kilichokuwa chini, akakaa hapo. Miguu yake ikapata ubao. Hakuinua mguu hata mmoja kwa mkono, kama afanyavyo kila anapopanda kitu. Alikaa tu. Mimi nililiona hilo kabla yake, nikanyamaza ili lisiondoke.

Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameinama kulishika lile baibui.

"Hili langu."

"Lako. Nisamehe, sikukuomba."

"Na huu uzi hapa mbele wa nini?"

Ningeweza kusema wa kuzuia upepo. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nikasema, "Huo ndio mkono wako. Mkono uliokusanya nguo."

Nikamweleza habari ya mteremko, na vile vipande vitatu vya kanga, na upindo wa nyuma. Nikamweleza kwamba nilitoa kava kwa sababu lilikuwa likigonga na kwa sababu cheni tupu ilinipendeza. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayekabidhi mzigo uliomchoma mikono.

Alinyoosha mkongojo wake ukutani, akagusa msumari. "Si lile pale?"

"Unalijua?"

"Bwana weye! Limening'inia juu ya kifumbu changu tangu mtoto wetu wa kwanza anatambaa. Nisilijue? Pikipiki nilipoipanda haikuwa nalo, kabla ya hapo ilikuwa nalo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Aliyeulizwa ni weye." Akalivua gunia baibui, akaliweka mapajani, akaanza kufungua ule uzi kwa kucha. "Na nilikusikia ulivyojibu. Baina yetu palikuwa na pazia tu."

Hilo sikulijua. Miaka thelathini na zaidi nilijua kosa langu, lakini sikujua kwamba yeye alilala pale, nyonga imevunjika, akanisikia nikimtwika lawama.

"Nipe nafasi nitengeneze," nikasema.

"Pikipiki?"

"Yote."

"Pikipiki tengeneza, nitapanda. Kiti chake kizuri, mguu wangu umekipenda. Ila safari yangu ya kwanza ni Mtambile. Kaka yangu yu hai. Utasema pale, kwa mdomo ule ule."

"Nitampigia simu kesho."

"Simu? Ukasemee chooni? Utavaa kanzu, utanipakia, utakwenda."

Nililitoa kava la zamani ukutani. Kulinyoosha hakukufika hata robo saa. Nikalifunga juu ya cheni, kisha fundi wa kuchomelea akanikunjia bati kubwa kama jamvi lililosimamishwa, kutoka chini ya kiti mpaka nyuma ya gurudumu, cheni na spoku zote zikawa ndani. Nikalirudisha gunia kitini, nikalivalisha baibui, nikarudia ule mteremko mara nyingi nisizozihesabu. Kipande chekundu kilipapasa bati, kikateleza, kikarudi nje.

Tulitoka Jumatano asubuhi. Jirani mmoja wa kike alitupigia kelele kutoka kibarazani, "Bi Mkubwa, huyo bibi wa mchanga kaachwa?"

"Kaachwa talaka tatu!" mke wangu akajibu.

Lakini tulipoingia barabara kuu alinyamaza. Sikuweza kumwona uso, kiti kinatazama pembeni. Kioo changu kilichogeuzwa chini kilinionyesha mkono wake wa kulia tu. Ulikuwa umekunja nguo kwa nguvu, vidole vimekaza kana kwamba ameshika kamba ya ndoo kisimani. Msimu ulikuwa wa karafuu, majamvi yametandazwa pembezoni mwa lami, na kila tulipopita harufu ilitupiga usoni. Nilikwenda polepole. Kila mteremko nilisikia ile sauti ya kugonga chini ya kiti, ambayo bado sijaipata. Kila mteremko mkono ule ulizidi kukaza.

Tulipoupita mji wa Chake alisema, "Unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimekubeba weye."

"Basi kanyaga kidogo, tusifike Ijumaa."

Kabla ya Mtambile, kwenye mteremko ule, akasema, "Simama."

Nikasimama. Nikanyoosha kidole mbele, kwenye mkunjo wa barabara. "Ilikuwa pale."

"Ilikuwa hapa," akasema. "Weye ulikuwa unatazama mbele." Akakaza nguo mkononi. "Haya, twende."

Kaka yake sasa ni mzee wa miaka themanini na zaidi, macho yake yamefifia lakini sauti ni ile ile. Tulimkuta kibarazani. Uani, binti zake na wajukuu wa kike walikuwa wamezunguka rundo la karafuu mbichi wakichambua vikonyo, mikono yao inakwenda bila wao kuitazama. Pikipiki iliposimama wote waliinuka kuja kuishangaa. Binti yake wa mwisho akakaa kitini mara tu shangazi yao aliposhuka.

"Kusanya nguo, we!" mzee akafoka kutoka kibarazani. "Unamwona shangazi yako hapo!"

Nilitaka kusubiri tule kwanza. Nilitaka kusubiri tuwe wawili. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mkongojo wake, ananitazama, si kwa hasira. Ananitazama tu kutaka kuona nitafanya nini, kama mimi nilivyokuwa nikikitazama kile kipande chekundu.

"Shemegi," nikasema, "siku ile uliniuliza imekuwaje. Nilikujibu uongo."

Mikono ikasimama kwenye karafuu. Nikasema yote, kava, cheni, mteremko, upindo wa nyuma. Nikasema kwamba yeye alikusanya nguo. Nikarudia, maana mzee ni mzito wa masikio kidogo: "Alikusanya. Alikusanya vizuri."

Aliinuka, akashuka ngazi mbili za baraza kwa kushika ukuta, akaja mpaka kwenye pikipiki. Akachuchumaa kwa taabu. Akalipapasa lile bati kwa kiganja, juu mpaka chini, akaingiza vidole ukingoni, akatafuta pengo. Hakulipata.

"Bati kama hili," akasema, "siku zile lilikuwapo?"

"Bati lilikuwapo. Akili ndiyo haikuwapo."

"Na huo mdomo wako wa kusema, haukuwapo?"

Hakusubiri jibu. Alimgeukia dada yake. "Basi mie nimewatisha watoto hawa kwa jina lako miaka yote bure."

"Si bure," mke wangu akasema. "Nguo wakusanye. Ila wasinitaje mie."

"Hawatokutaja."

Akasaidiwa kuinuka, akapita karibu yangu bila kunipa mkono, akarudi kibarazani. Tuliletewa chakula. Alikula sahani moja na mimi, kama desturi, lakini hakuninyofolea samaki kama alivyozoea. Nilikula upande wangu. Nilistahili hivyo, na huenda itakuwa hivyo mara nyingine pia. Uani wasichana walikuwa wamemzunguka shangazi yao, wanamuuliza maswali wote kwa pamoja. Nilisikia mmoja akisema, "Na ulikaa kimya?" Jibu lake sikulisikia, ila nilisikia wanacheka.

Tuliondoka baada ya alasiri. Mlima ule tukaupanda. Baada ya Chake barabara inateremka tena, ndefu, inajikunja mara mbili. Nikaachia mafuta, injini ikazuia, pikipiki ikatikisika, na kitu kikagonga chini ya kiti. Nikatazama kioo.

Mkono wake ulikuwa wazi. Ulikuwa umelala juu ya goti, kiganja juu, na baibui lote lilikuwa limeachiwa. Upindo ulikwenda nyuma, ukarudi, ukaingia chini ya kiti, ukapapasa bati. Nilishika breki.

"Usisimame," akasema. Alikuwa ameinama, anachungulia chini. "Niache nione inakwenda wapi."